Mawe Yaliyochemshwa

9 Januari

Mpwa wangu,

Nakusalimu, na natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya. Huku tunaendelea. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, sasa limezibwa. Jirani yetu fundi redio amehama, na waliohamia wana mbwa asiyejua kunyamaza. Mama yako yupo. Mimi nimepungua kidogo, lakini mkanda wangu bado una matundu ya akiba.

Nakuandikia kwa sababu simu siiwezi. Masikio yangu yamechoka; nikizungumza kwa simu napaza sauti, na kuta za nyumba hii ni nyembamba, mama yako husikia kila neno. Jambo hili napenda libaki kati yetu wawili.

Nataka kufuga samaki wa maji ya chumvi. Usicheke. Huu ni mwaka wa sita tangu nistaafu, na nimekwisha kutengeneza kila kitasa kilichomo humu ndani. Nakumbuka uliwahi kuniandikia kwamba dukani kwenu mna matangi ya kioo yenye samaki na matumbawe, na kwamba wewe ndiwe unayeyatunza. Nieleze kwa utaratibu: mtu asiyejua lolote aanze wapi? Tangi liwe dogo, la lita sitini hivi. Litakaa chumbani, si sebuleni. Ningependa liwe na samaki kabla ya mwezi wa tatu kwisha.

Uandike kwa mwandiko unaosomeka, na utie tarehe. Barua yako ya mwaka jana haikuwa nayo. Barua isiyo na tarehe ni kama chupa ya dawa isiyo na kibandiko. Mtu hajui kama bado inafaa.

Mjomba wako


27 Januari

Mjomba, shikamoo.

Tarehe umeiona hapo juu. Mimi mzima, ila miguu huvimba jioni, maana kutwa nzima tunasimama kwenye sakafu yenye maji, na vidole vimepasuka kwa chumvi. Tajiri wangu ameongeza matangi manne bila kuongeza mtu. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Waliosema hivyo hawajafanya kazi hapa. Sisi tunayazoa kutwa, kwa matambara.

Nimecheka, samahani. Wewe ambaye hospitali nzima ilikuita Bwana Chemsha, leo unataka kuishi na maji ambayo hayachemshwi? Haya, nisikilize.

Kosa la kila anayeanza ni kudhani anafuga samaki. Anayefugwa kwanza ni maji. Nunua tangi, pampu ya kuyazungusha maji, kifaa cha kuyapasha joto, kipimajoto, taa, na kipimo cha chumvi. Chumvi si ya jikoni. Ipo ya matangi, inauzwa kwa ndoo. Ikoroge katika maji yaliyochujwa mpaka kipimo kisome elfu moja na ishirini na tano. Halafu utahitaji mawe yaliyotoka baharini yakiwa bado na uhai: ndani ya vitundu vyake wamo vijidudu wanaokula uchafu wa samaki na kuumaliza. Bila hao, samaki hufa kwa sumu ya choo chake mwenyewe. Vijidudu hao huchukua wiki tano, sita, hata nane kuzoea nyumba mpya. Kabla ya hapo usitie samaki hata mmoja. Kwa hiyo mwezi wa tatu ni karibu mno. Ukiwa na haraka, fuga kuku.

Hukuniambia kama mama anajua kwamba unaniandikia. Huu ni mwaka wa saba. Siku nilipoacha chuo cha uuguzi alisimama mlangoni akaniambia, "Ukitoka na hilo sanduku, usirudi mpaka uwe na cha kunionyesha." Nimeosha vioo vya watu miaka saba, Mjomba, na sijapata cha kumwonyesha. Msalimie ukiona inafaa.

Mpwa wako


12 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua imefika, mwandiko unasomeka. Paka mafuta ya mgando vidoleni kila unapolala, na uvae soksi za pamba juu yake mikononi. Ndivyo tulivyofanya sisi tulioshika maji ya moto miaka yote ile.

Vifaa nimevipata vyote isipokuwa mawe. Meza ya tangi nimeiunda mwenyewe kwa mbao za kabati la zamani. Ina urefu wa sentimita hamsini na tano kutoka sakafuni. Nimeipima mara tatu, na nimeijaza matofali kwa siku mbili kuona kama itayumba. Haikuyumba. Ndoo za maji nazibeba nusu nusu, maana mgongo hauruhusu zaidi. Nimechora mstari kwenye kioo mahali maji yanapofikia. Yakipungua naongeza, nadhani naongeza maji matupu, kwa kuwa chumvi haiendi na mvuke. Nirekebishe nikikosea.

Kuku mama yako hawataki.

Mawe hayauzwi huku. Unaweza kuyapata huko? Uyatume kwa basi la mizigo, nami nitakwenda kuyapokea mwenyewe.

Salamu zako nilizifikisha. Alikuwa akitazama dirishani. Aliuliza kama unakula.

Mjomba wako


20 Februari

Mjomba, shikamoo.

Hukukosea, ni maji matupu. Una kichwa kizuri kuliko wateja wetu wengi.

Mawe yanakuja na barua hii, kilo sita, yamefungwa kwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya chumvi. Nimeyachagua moja moja. Nilikuwa nayatunza kwenye tangi la nyuma tangu mwaka jana. Usiyaoshe. Usiyasugue. Yatie kama yalivyo, hata kama yatakukera. Na usitie mkono wenye sabuni kwenye maji hayo, hata ncha ya kidole.

Nakula. Mwambie nakula.

Mpwa wako


6 Machi

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Huku mbwa wa jirani amezaa, kwa hiyo sasa wanaobweka ni saba.

Nina taarifa isiyopendeza, na nitaitoa bila kuipamba. Mawe yalifika salama. Nilipoyafungua nilikuta ute, majani ya kijani, na mnyoo mmoja mwenye miguu mingi kuliko haki yake. Barua yako nilikuwa nimeisoma. Nilisoma mahali uliposema yasioshwe, nikasema moyoni kwamba haya ni maelekezo ya mtu aliyechoka kusafisha. Nikachukua sufuria kubwa. Nikayachemsha dakika ishirini, kama visu vya upasuaji, kisha nikayasugua kwa brashi, nikayachemsha tena.

Miaka thelathini na moja nilisimamia chumba cha kuchemshia vyombo. Katika miaka hiyo sikuingiza kitu kwenye chumba cha mgonjwa bila kukipitisha motoni. Mkono ulikataa kufanya vingine.

Nyumba ilinuka siku tatu. Muuguzi alipofika asubuhi alirudi uani akavuta pumzi kwanza. Baada ya juma moja nilipima maji kwa dawa ya matone niliyouziwa pamoja na tangi, yakawa ya kijani kibichi, na kitabu chake kinasema njano ni salama, kijani ni sumu. Nimeyamwaga yote. Nilimwaga kwa kata, kwa sababu ndoo siku hiyo sikuweza kuinyanyua.

Mama yako alicheka. Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana. Alisema, "Kaka yangu amepika mawe, na hatujafikia njaa hiyo." Kisha akaniambia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikuombe mengine.

Nakuomba mengine.

Mjomba wako


15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mshukuru Mungu kwamba hukulazwa. Kuna viumbe hukaa juu ya mawe hayo ambao wakichemshwa mvuke wao humwangusha mtu. Hapa dukani hilo ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa. Sikukuandikia kwa sababu sikufikiri kwamba yupo binadamu atakayeweka mawe ya bahari jikoni. Nilisahau kwamba binadamu huyo ni wewe.

Mawe mengine nimeyatuma, kilo nne tu. Ndiyo yaliyobaki yangu. Pamoja nayo kuna chupa ya maji ya tangi letu, umwagie humo. Usiyachuje.

Sasa niulize mimi. Meza yako ina sentimita hamsini na tano. Nimeweka matangi kwenye nyumba za watu wengi, na kila mmoja hutaka liwe usawa wa macho yake akisimama au akikaa kitini. Usawa ule ni wa mtu aliyelala. Umesema chumba cha mgonjwa. Umesema muuguzi. Nyumba ya mama, mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa, inaletewa muuguzi, Mjomba, na wewe unaniandikia habari za mbwa?

Nani amelala kitandani?

Mpwa wako


2 Aprili

Mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Siku zimekuwa ndefu, na nikikaa chini huona taabu kuinuka.

Nianze na mawe. Niliyatia kama yalivyo, nikiwa nimefumba macho, na mnyoo wake. Nimeyapanga kama pango, na kuacha njia nyuma ili maji yazunguke. Joto ni digrii ishirini na tano na nusu. Juma la pili kila kitu kilifunikwa na vumbi la kahawia, hata kioo. Nilishika brashi. Nikairudisha. Ungejua ilinigharimu nini kuirudisha usingenikaripia tena.

Vipimo vyangu: tarehe 24, kijani. Tarehe 27, kijani. Tarehe 31, kijani hafifu.

Kuhusu swali lako, kuna mambo niliyoombwa nisiyaseme, na aliyeniomba ni mkubwa wangu kwa miaka minne. Nilipokuwa mdogo alinibeba mgongoni mpaka shuleni nilipokuwa na kidonda mguuni. Siwezi kumvunjia neno. Lakini ulipokuwa chuoni walikufundisha kusoma chati ya mgonjwa. Soma barua zangu hivyo hivyo.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimezisoma, zote, tangu ya Januari. Nimeelewa kwa nini ulitaka samaki kabla ya mwezi wa tatu kwisha.

Tumbawe dogo linakuja na barua hii, kwenye chupa yenye mdomo mpana. Lina upana wa kifungo cha koti. Likifika litakuwa limejifumba kama ngumi. Liache lielee na chupa yake juu ya maji nusu saa, kisha uongeze maji ya tangi kidogo kidogo. Lifunge kwenye jiwe la juu kwa uzi. Usilitie mpaka kipimo kiwe cha njano siku tatu mfululizo. Kabla ya hapo litakaa kwenye beseni la maji mapya ya chumvi, karibu na taa, na ubadilishe maji kila siku.

Na mimi nina jambo sikulisema. Mwaka juzi nilikuja. Nilipanda basi, nikafika mpaka kwa fundi viatu aliye mkabala na lango lenu. Nilisimama nyuma ya kibanda chake, nikamwona mama anaanua nguo uani. Alikuwa mzima, mikono yake inafika juu kwenye kamba. Mkononi nilikuwa na mfuko wa machungwa. Nikajiuliza, ndicho hiki cha kumwonyesha baada ya miaka mitano, machungwa? Fundi viatu aliniuliza kama nina kiatu cha kushona. Nikamwachia machungwa, nikarudi stendi.

Sasa naona haya mara mbili. Nikija, atajua nimekuja kwa sababu ya ugonjwa. Nisipokuja, mwisho wake sina haja ya kuuandika.

Unaweza kumsomea barua hii au kuichana. Nimechoka kuamua.

Mpwa wako


14 Mei

Mpwa wangu,

Natumaini hukudhani kwamba kimya changu kina maana mbaya. Mama yako yupo. Juma lile alizidiwa, kisha akarudi. Nilikuwa nashindwa hata kumenya kiazi, sembuse kushika kalamu.

Kipimo kilikuwa cha njano tarehe 28, 29 na 30 Aprili. Nilimwonyesha muuguzi ili awe shahidi. Tumbawe lako tulilifunga kwa uzi mweusi kwenye jiwe la juu. Nasema tulilifunga, kwa sababu mimi nilishika jiwe, na fundo ni la mama yako, alilifunga akiwa amelala. Mkono ule umefunga vitovu vingi, haujasahau. Siku mbili lilikaa limefumba. Siku ya tatu, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nabadilisha shuka, akanigusa begani akaniambia nigeuke. Lilikuwa limefumbua vidole vyake vyote, vya kijani, vinapepea. Tulilitazama mpaka chai ikapoa. Mnyoo pia yupo. Mama yako anamwita Mkaguzi.

Sasa nitasema niliyoombwa nisiseme, kwa kuwa amenifungua mwenyewe. Ni ini. Madaktari walimrudisha nyumbani Desemba. Hawakutaja siku, nami sikuwauliza. Alisema, "Asiitwe kwa ugonjwa. Mtoto akiitwa kwa ugonjwa hamjii mama yake, anakuja maziko mapema." Halafu siku moja akasema angependa kuona mwanawe anashinda akitazama nini huko aliko. Ndipo nilipokuandikia ile barua ya Januari. Wazo la tangi ni lake, la uongo wa kuchoka kutengeneza vitasa ni langu.

Barua yako ya Aprili nilimsomea. Nilisoma yote, polepole. Nilidhani amelala. Kisha akauliza, "Nilikuwa naanua nguo gani?" Swali hilo nakuletea wewe.

Nilimwambia kwamba maji yameiva, na kwamba nimepata mtu wa mji wa pili anayeuza samaki wadogo, naweza kumleta mmoja Jumamosi. Alikataa. Nilidhani amechoka, nikarudia kesho yake. Akakataa tena, na safari hii aliinua kichwa kutoka kwenye mto, jambo asilolifanya siku hizi. Maneno yake nayanakili kama yalivyo:

"Samaki hanunuliwi hapa. Nilimwambia arudi akiwa na cha kunionyesha. Basi aje nacho, akibebe mwenyewe, nikione."

Tangi lina maji, mawe, tumbawe na Mkaguzi. Samaki hakuna. Nimefanya hesabu ya siku kwa namna zote ninazozijua, nami nakushauri usijibu kwa posta ya kawaida.

Mjomba wako


22 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nampa dereva wa basi la mizigo barua hii, ataikabidhi stendi kwenu. Nimeomba ruhusa. Tajiri alianza kusema kuhusu matangi yake manne, kisha akanitazama usoni, akanipa.

Nitafika Jumamosi tarehe 30, mchana. Samaki nimemchagua: mmoja, wa rangi ya chungwa, mwenye mistari mitatu myeupe. Pezi lake la kushoto ni fupi tangu kuzaliwa, kwa hiyo wateja humruka. Ana miezi minane hapa dukani, na huja kiooni akiniona. Nitamweka kwenye mfuko wenye hewa, ndani ya boksi lililofunikwa, magotini kwangu. Zima taa ya tangi kabla sijafika, mwanga mkali humtia hofu mgeni. Weka ndoo safi pembeni. Usiichemshe.

Mwambie mama yalikuwa mashuka. Mawili meupe, na moja la maua ya njano, ambalo upepo ulilipeleka usoni kwake akawa anapambana nalo. Nilicheka peke yangu nyuma ya kibanda. Mwambie hivyo. Mwambie nilicheka.

Mpwa wako


30 Mei, saa sita na robo
(karatasi iliyobandikwa mlangoni)

Mpwa wangu,

Nimekwenda kuchukua dawa hospitali, foleni ni ndefu. Mlango haukufungwa, usukume kwa bega, unakwama. Mbwa wanabweka tu, hawaumi.

Mama yako yuko macho tangu alfajiri. Amekataa sindano ya saa nne ili asisinzie. Ametaka lile shuka la maua ya njano, nimemtandikia.

Taa ya tangi nimeizima. Ndoo ipo, haikuchemshwa. Kipimo cha leo ni njano.

Nawa mikono kabla ya kuingia. Bila sabuni.